Maua Chini ya Nyundo ya Gobore

Mjukuu wangu Furaha,

Pokea salamu zetu za Uvira. Nyanya yako ni mzima, na shangazi yako amejifungua binti. Unauliza utatambuaje kama maua ya bunduki ya kale iliyo katika makumbusho yenu yalichongwa kwa mkono.

Babu yangu wa Lemera alituachia gobore lenye maua aliyoyaona yakichongwa. Nilipohitimu chuo, mjomba alitaka lifuliwe jembe.

"Maua hii iko ya mashini," alisema. "Gobore ya mzee ilishabadilishwa."

Mama alinigeukia. "Weye wa diplome, sema basi."

Kila msiba tulilisugua kwa majivu ling'ae mbele ya wageni, hivyo mistari ya juu ilikuwa imelainika yote. Niliinua nyundo ya gobore, kile chuma kinachogonga ili baruti iwake, na chini yake palikuwa mahali ambapo kitambaa hakikufika. Kwa kioo cha kukuzia, ndani ya kila mstari zilionekana ngazi ndogondogo, alama za patasi iliyogongwa pigo kwa pigo, na hakuna majani mawili yaliyolingana.

Mjomba alichungulia kwa muda mrefu. "Muirudishe ndani," alisema.

Kwa hiyo, kabla ya kumjibu mkuu wako wa makumbusho, tafuta mahali ambapo mikono ya walioipenda haikufika.

Nakutakia jicho tulivu,
Babu yako