Jogoo wa Milioni Tatu

Selemani, mtani wangu,

Milioni tatu na laki mbili. Nimeanza na hesabu kabla hata ya salamu, nisamehe, lakini tangu fundi aitamke sijapata usingizi wa maana. Milioni tatu na laki mbili kwa klachi! Klachi ya kile kigari chako chekundu cha milango miwili, kile ulichonunua kwa yule mzungu aliyekuwa anarudi kwao, nikakuambia umenunua kiatu chenye injini.

Nikueleze tangu mwanzo. Shemeji alipotoka eda aliniita. Alisema amepata mteja Mikumi, mwenye nyumba ya wageni, anapenda magari ya zamani ya spoti. Hela ingemtosha kufungua duka la mbegu hapa Kilosa. Akaniomba niendeshe, kwa sababu ni mimi peke yangu uliyewahi kuniachia usukani. Tukaondoka asubuhi. Gari lilinguruma vizuri, nikajisikia kama umekaa kiti cha nyuma, ingawa hata paka hatoshi kwenye kiti kile.

Kwenye kilima karibu na Mikumi, likakataa. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, magurudumu hayana habari. Harufu ikatujaa puani. Tulilisukuma, Selemani, mimi na shemeji na vijana wawili wa bodaboda, na mavi ya tembo yakiwa mabichi barabarani.

Gereji ya Mikumi, fundi akashusha giaboksi. Akatuonyesha pleti ya klachi, nyeusi, imelika hadi kwenye ribiti, vile vichwa vya misumari inayoishika. Na flaiwili, lile duara la chuma linalokaa nyuma ya injini, limeungua na kupasuka nyufa. Kwa gari la kawaida, alisema, ni laki nne na mnamaliza. Kwa hili, spea hazitengenezwi tena, mpaka ziagizwe nje, na injini yenyewe ishuke ndipo flaiwili itoke. Ndipo akaitaja ile hesabu. Nilidhani anatania. Nilimtazama usoni nikisubiri acheke.

Halafu akasema neno lililonimaliza. Alisema klachi hii haikuchoka kwa uzee. Kuna mtu amekanyaga mafuta gari likiwa limesimama na gia imo, tena si mara moja.

Shemeji akajibu hapo hapo: "Ni marehemu huyo. Kumbe miaka yote ananiambia gari ni zima, alikuwa ananificha."

Nami nikanyamaza. Wewe, uliyemrudishia mtu hela ya baiskeli uliyomuuzia kwa sababu ulisahau kumwambia breki ya nyuma ni legevu, umeitwa mficha ubovu mbele ya watu wa gereji, na mke wako mwenyewe, na mimi nimesimama pale natazama kucha zangu. Tulirudi Kilosa kwa basi.

Nilinyamaza kwa sababu nilijua ni nani aliyeiunguza. Wewe hukuwepo, au ulikuwepo kwa namna yako. Ni siku ya pili ya msiba wako. Kila mtu amenyong'onyea, na mimi Mnyamwezi, mtani wa ninyi Wasagara, nina kazi yangu ya kuwachekesha wafiwa, haiwezi kumsubiri mtu amalize kulia. Nikavaa kofia yako na miwani yako. Nikaingia kwenye gari, nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikaweka gia, nikaachia klachi nusu na kukanyaga mafuta. Gari likatetemeka, likanguruma, haliendi. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele: "Msagara huyu amegoma kuondoka! Haendi popote mpaka mlete jogoo!"

Watu walicheka, Selemani. Shangazi yako, aliyekuwa hajala tangu jana, alijishika mbavu. Wakasema rudia. Nikarudia. Wakasema tena. Nilisikia harufu ya kuungua nikadhani ni ukoko kwenye masufuria ya pilau. Miaka yote ulikuwa unanipigia kelele: "Mguu! Toa mguu kwenye klachi, hapo si pa kupumzikia!" Siku ile hukuwepo wa kupiga kelele. Na jogoo nililetewa, nikamla.

Siku tatu baada ya kutoka Mikumi nilikwenda kwa shemeji. Nilikaa chini, nikamwambia yote, hata ile harufu. Shemeji akasema, "Siku ile ndiyo siku pekee niliyocheka." Akafuta macho kwa upande wa khanga. Akaongeza, "Lakini utalipa."

Akachukua simu mbele yangu. Akampigia fundi, akampigia na mteja, akawaambia marehemu hakuwa na kosa, gari aliliacha zima, ameliharibu mtani wake. Alisema hivyo mara mbili ili wasikie vizuri. Nilifurahi, Selemani. Niliaibika hadi masikioni na nilifurahi.

Nimeuza madume mawili ya ng'ombe. Yule mwenye baka jeupe pia, ndiyo. Spea zimefika, fundi amefunga, Jumamosi nakwenda kumkabidhi mteja gari lake mwenyewe kwa mkono wangu.

Umenishinda. Miaka yote ya utani nilikuwa nakutangulia mimi, na umesubiri mpaka umezikwa ndipo umenilipisha jogoo mmoja kwa milioni tatu na laki mbili. Huko uliko najua umekaa unacheka.

Pumzika, ndugu yangu. Nitalipeleka polepole, na nakuahidi mguu wangu wa kushoto utakaa chini, kwenye kapeti, pale ulipotaka ukae siku zote.

Mtani wako,
Masanja