Kimondo Havai Joho Jekundu

Jumamosi jioni, mwezi wa saba. Ukungu umeshuka Endagikot tangu mchana na haujaondoka. Ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Mimi nimevaa moja, kwa sababu nina hasira na hasira inapasha joto.

Naandika kwa simu ya dada. Amesema niitumie mpaka ugali uive. Mama alinifundisha nisiandike kitu nikiwa nimekasirika, nisubiri moyo utulie. Leo sisubiri.

Nimekasirika sana.

Nieleze tangu mwanzo. Baba mdogo ana katuni za zamani kwenye sanduku lake la bati. Hazina majalada, na kurasa nyingine zimetafunwa na panya. Ndani yake yuko Jemedari Kimondo, shujaa mwenye kifua kama mlango na joho jekundu. Anaruka juu ya miji na kusimamisha treni kwa mkono mmoja. Nimemsoma tangu darasa la tatu na ninampenda, sitaficha. Lakini hajawahi kufika kwetu, na huku kwetu hakuna treni.

Mwaka huu shule ilitupa ukuta wa nje wa bwalo tuchore “shujaa wa kesho”, ili wageni wa mahafali waone. Nikasema tumchukue Kimondo tumlete hapa, miaka mia moja ijayo. Mimi nitunge hadithi, Uda achore.

Uda ni rafiki yangu. Jina lake kamili ni Udagwenga. Ni msichana wa Kidatoga, kwao ni tambarare chini ya mlima Hanang, na hapa shuleni anakaa bweni. Ni mpole mpaka watu wengine wanadhani hasikii wanayomsema. Anasikia.

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa hivi: mlima unamomonyoka, matope yanashuka kwenye nyumba za Jorodom kama yalivyoshuka kweli, Kimondo anatokea angani na kuyasukuma matope yarudi juu. Uda aliisoma akaweka penseli chini.

“Matope hayana mahali pa kushika,” alisema.

Shangazi yake alikuwa na nyumba Jorodom. Alikuwa. Sikumuuliza zaidi. Nilimuuliza tu, basi shujaa afanye nini?

“Asikie mapema. Awaamshe watu.”

Hapo ndipo Kimondo wetu alipozaliwa.

Katika ukuta wetu, ziwa Balangida limezungukwa na vioo vya umeme wa jua. Ng'ombe wana redio ndogo masikioni na mchungaji anawaita kwa majina yao akiwa mbali. Mabasi yanapanda mlima bila dereva. Na Kimondo ni mwanamke. Haruki, anatembea. Amevaa vazi la ngozi kama analovaa mama yake Uda siku za sherehe, lenye shanga na nyuzi nyingi ndefu za ngozi zinazoning'inia mpaka karibu na ardhi. Kila uzi unasikiliza udongo. Mlima ukisogea hata kidogo, nyuzi zinatetemeka, na Kimondo anaanza kugonga milango.

Nguvu zake zote ziko kwenye ile ngozi.

Rangi ya ngozi ilitusumbua. Za dukani zote zilionekana kama uji. Mwishowe nilileta udongo kutoka kwa bibi, kijijini Nambis, tukauchekecha kwa kitambaa na kuuchanganya na gundi ya mbao. Shanga Uda alizichora moja moja kwa njiti ya kiberiti. Nilikuwa namwambia, hizo ndogo hakuna mtu atakayeziona. Alisema mama ataziona.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mama yake anakuja kwenye mahafali. Hajawahi kukanyaga shule yetu. Uda alimpigia kwa simu ya matroni akamwambia, njoo, ukutani kuna mtu amevaa kama wewe.

Leo asubuhi tulienda kumalizia milango ya nyumba. Tulipopinda kona ya bwalo, ngozi haikuwepo.

Kulikuwa na joho jekundu kutoka mabegani mpaka visiginoni, rangi ya mafuta, ile iliyobaki walipopaka geti. Miguu imeinuliwa kutoka ardhini na chini yake yamewekwa mawingu. Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa juu ya stuli, brashi mkononi, anatabasamu kama mtu aliyetuletea zawadi.

“Mmeona? Sasa anafanana na shujaa.”

Nilimuuliza ngozi iko wapi.

“Binti, mliambiwa mchore kesho. Ngozi ni mambo ya jana. Wageni watasema shule hii inawarudisha watoto nyuma.”

Wavulana waliokuwa wanabeba mabenchi walisimama kusikiliza. Safari, tunayesoma naye darasa moja, akapaza sauti: “Afadhali mwalimu umetuokoa! Shujaa wa Kimang'ati angenuka samli, adui angekimbia mwenyewe!”

Wakacheka. Jina hilo Wadatoga hawalipendi na Safari anajua hivyo. Mwalimu naye alicheka kidogo, halafu akakumbuka kuwa ni mwalimu, akawaambia wanyamaze.

“Haruki,” Uda alisema.

“Unasemaje?” mwalimu akauliza.

“Kimondo. Haruki.” Akachukua brashi zetu akaenda kuziosha bombani, ingawa zilikuwa safi.

Mimi nilipiga kelele. Nilimwambia mwalimu, “Umemfanya kiziwi! Sasa atasikia na nini?” Nilimwambia pia kwamba hakuna aliyemwomba. Sauti yangu ilifika jikoni, wapishi wakatoka na miko yao kuangalia. Mwalimu alishuka kwenye stuli polepole. Alisema hajawahi kumwona mtoto aliyelelewa vizuri akiongea hivyo na mtu mzima. Jumatatu niombe radhi mstarini mbele ya shule nzima, la sivyo ukuta wote utapakwa chokaa. Na kesho baada ya ibada atarudi kuandika maandishi ya kukaribisha wageni juu ya kichwa cha Kimondo.

Tangu saa ile nawaka.

Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Siyo mbaya. Ni yeye aliyetuombea huo ukuta. Lakini kichwani mwake kesho iko mahali pengine, mbali, na sisi tutaifikia kwa kuvua tulichovaa njiani. Katika kesho yake watu wote wapo isipokuwa mama zetu.

Halafu hilo joho! Kwa nini joho lenyewe haliitwi jana? Ni la zamani kuliko mimi. Limetoka kwenye karatasi zilizotafunwa na panya. Kipande cha kitambaa chekundu kisichosikia kitu chochote kinaitwa maendeleo, na vazi linaloamsha kijiji kizima kabla ya matope linaitwa kurudi nyuma.

Nilimkuta Uda bombani. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, yeye hapana.

“Nitampigia mama asije,” alisema. “Aje kuona nini?”

Tukakaa kwenye ukingo wa bomba. Baadaye akaniambia kwamba kwao vazi la ngozi la mwanamke aliyeolewa siyo nguo tu. Mwanaume akilivuta au kulichezea kwa ubabe, wanawake wanakusanyika. Wanakaa chini na kumhukumu wao wenyewe, na wanaume hawaingilii. Anatoa ng'ombe dume.

“Wa rangi gani?” niliuliza, kama mjinga.

“Mweusi.”

Tukatazamana. Nikamwona mwalimu wetu, na vile viatu vyake vinavyong'aa, anavuta dume jeusi kupanda kilima cha shule huku dume limegoma. Uda naye alimwona, najua, kwa sababu tuliangua kicheko pamoja na machozi yangu bado yanatiririka. Tulicheka mpaka tumbo likauma.

Halafu yeye akaacha kucheka.

“Kweli,” alisema. “Tukae.”

Basi ndivyo ilivyo. Kesho mwalimu akija na ndoo yake ya rangi, atakuta wasichana wamekaa kwenye nyasi, kati yake na ukuta. Uda ameongea na wenzake wa bweni, yule Uda ambaye darasani hanyooshi mkono. Amewaambia wasipige kelele, wasiimbe, wasimtukane mtu. Wakae tu. Wengi wao siyo Wadatoga. Ni Wairaqw kama mimi, na mmoja ametoka Singida. Nilimuuliza kama sisi tunaruhusiwa, maana mimi ni Mwiraqw wa Endagikot na sijawahi kukaa kwenye baraza la namna hiyo, nisije nikaharibu.

Alinitazama kwa mshangao. “Wewe siyo mwanamke? Kaa.”

Dume hatutadai. Faini tumekubaliana: akwangue jekundu lake mwenyewe, na udongo auchekeche mwenyewe, kwa kitambaa, mpaka uwe laini. Shanga atachora Uda. Yeye amesema hizo hatamwachia mtu.

Jumatatu nitaomba radhi mstarini kwa kupiga kelele. Kwa kuuliza ngozi iko wapi, sitaomba.

Ninaogopa. Inawezekana akaita mkuu wa shule. Inawezekana ukuta ukapakwa chokaa wote, na mama yake Uda akapanda basi kutoka kule mbali akaja kukuta weupe mtupu. Nimemwomba Uda asimpigie leo. Akasema atampigia kesho jioni, atamwambia aje au asije kutokana na tutakachokiona.

Kwa hiyo nina kesho mchana tu.

Dada anaita, ugali umeiva. Nimeshapanga nitakachofanya. Mwalimu akitokea kwenye ile kona nitasimama, nitamwamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika, na nitasubiri mpaka aitikie marahaba.

Halafu nitakaa chini tena.