Sisimizi Nyuma ya Jiko la Mama

Elburgon,
Julai 1974

Kwako kaka yangu Omuse,

Ningependa kusema natumaini u mzima, lakini najua si mzima, na ndiyo sababu naandika upesi hivi. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mahindi yamefika wapi? Mimi nipo. Baridi ya huku inauma hadi kwenye meno, na vumbi la mbao kiwandani limefanya hata mate yangu yawe rangi ya chai. Naandika Kiswahili makusudi, ili ukisoma kwa sauti mama asielewe tunazungumza nini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema tangu Pasaka govi limekaza, halirudi nyuma kama zamani, lina mipasuko inayowasha kama pilipili, na ukikalia tandiko la baiskeli machozi yanakutoka mbele ya abiria. Unalaumu vumbi la mpakani na miaka yote ya kubeba watu wa Uganda na sabuni zao. Unasema pia kiu haikuishi, na kila safari lazima usimame uingie kichakani. Halafu, kama mtu anayetaja mvua, unaniambia rafiki yako Wafula amekutafutia ngariba wa kwao. Agosti hii utasimama pamoja na wavulana, ukatwe, mambo yaishe. Unataka nikupongeze.

Kaka, sikupongezi. Naogopa.

Sikuwahi kukuambia, lakini hata mimi yalinipata. Hapa kiwandani Wateso, sisi tusiotahiri, tuko wawili tu, na kwa wenzetu waliotahiriwa mimi bado ni mvulana hata nikiwa na watoto wawili. Kwa hiyo nilificha. Nilikuwa naoga wa mwisho. Nilipaka mafuta ya mgando, nikajaribu maji ya chumvi, kisha dawa ya nyufa za miguu, na moto ulioniwakia siku hiyo sitausahau. Asubuhi moja nilichoka, nikalivuta kwa nguvu. Likarudi nyuma, na likakataa kuja mbele. Lilikwama pale kama pete kwenye kidole kilichovimba, na mimi, mjinga, nikaenda kazini hivyo hivyo.

Msimamizi wetu, mzee Njoroge, aliniona. "Ekisa, mbona unatembea kama mtu amekalia makaa?"

Nikamwambia ni tumbo.

Akaangalia suruali yangu. "Tumbo haliko hapo. Panda lori."

Alinipeleka Nakuru juu ya magogo, na hadi leo hajamwambia mtu. Pale hospitali kulikuwa na daktari wa njia ya mkojo, mzee mfupi mwenye mikono baridi. Alilibana polepole mpaka uvimbe ukapungua na ngozi ikarudi mahali pake. Nililia kama mtoto.

"Ungengoja jioni, ungejuta," alisema. "Hii kitu ikikwama hivi, unakuja saa hiyo hiyo. Hata kama ni Krismasi."

Nilidhani yameisha. Akaniuliza kama zamani lilikuwa linarudi vizuri. Nikasema ndiyo, miaka yote. "Basi ngozi ya mtu mzima haiamki tu siku moja ikakaza bure. Leta mkojo." Alitia matone kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, akachemsha. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, mwisho ikatulia kwenye rangi ya tofali. Akaniambia hiyo ni sukari. Akauliza baba alikufa na nini.

Nilifungua mdomo kusema alirogwa. Ndipo nikawaona tena akilini wale sisimizi.

Unawakumbuka? Mstari wao mweusi nyuma ya jiko la mama, pale baba alipozoea kukojoa. Unakumbuka alivyokuwa akimaliza mtungi wa maji peke yake. Jembe lilimkata kidole cha mguu, kidonda kidogo tu, nacho hakikufunga mpaka mguu ukawa mweusi. Sisi tukasema jirani yetu mzee Opuru ndiye aliyetuma wadudu wamnywe baba. Tukaziba njia ya kwenda kwake. Mzee huyo alipokufa hatukuenda kumzika. Wewe na mimi tulipitisha ng'ombe mbele ya matanga kana kwamba hakuna msiba. Naona aibu kuyaandika haya.

Nilimuuliza daktari kuhusu Agosti yako. Akaweka kalamu chini. "Mwambie ndugu yako kisu si adui. Labda atahitaji kutahiriwa, lakini ni hospitali, na sukari ikiwa imeshuka. Akikatwa sasa, hicho kidonda hakitapona." Govi lisilosumbua, alisema, liachwe. Lakini likianza kukaza ukubwani, likipasuka kila mara, mkojo ukitoka kwa shida au ukilijaza kwanza kabla ya kutoka, au pakiwa na uvimbe au kidonda kisichopona, mtu asijitibu kwa mafuta ya dukani. Mimi sasa nameza vidonge, chai nakunywa bila sukari, na ngozi imeanza kulegea.

Basi kesho asubuhi, kabla hujaongea na Wafula, nenda nyuma ya jiko uangalie pale unapokojoa. Ukiwaona sisimizi, usitafute mchawi; wanafuata sukari. Na usipowaona, nenda vilevile hospitali ya Busia, useme wazi unataka mkojo upimwe sukari. Wakikutuma Kisumu kwa daktari kama wangu, nenda. Muuguzi akiwa msichana, mwonyeshe tu. Ameona za watu wengi kuliko wewe.

Barua hii siipeleki posta. Nampa dereva wa lori aliyetoka Malaba jana na anarudi leo. Ameniambia wavulana wa kutahiriwa wameanza kupiga kengele zao barabarani wakialika watu, na nyuma yao alimwona mtu mzima mwenye ndevu, anatembea akisukuma baiskeli, haikalii. Nilimuuliza ni ya rangi gani. Akasema kijani, kama yako.

Nisalimie mama, na shangazi anayeuza samaki Busia. Shemeji mwambie ukweli wote, yeye ataweza kukuzuia. Nisalimie pia mjane wa mzee Opuru. Mwambie Desemba nitakuja kwake mwenyewe, kwa njia ile tuliyoiziba.

Na kama barua imekukuta umeshakatwa, kaka, usikae kungoja kidonda kipone. Panda gari lolote uende hospitali, leo. Hata cha baba kilikuwa kidogo.

Mdogo wako,
Ekisa