Umri Nilioujaza Mimi

Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Dada yangu,

Nimefurahi goti lako limepona, na kwamba mjukuu wako hatanyongwa. Umeandika: "Kaka, kadi ya kliniki imemwokoa! Jaji kaona ana miaka kumi na sita, kamhurumia."

Nilisoma mara tatu, na kila mara nilikuonea wivu. Mwanangu naye alikuwa na kumi na sita, naye aliua kama wako alivyoua. Lakini fomu ya kiwanda cha mbao ilisema kumi na minane, na niliyeijaza ni mimi, ili apate kazi. Nililia mahakamani, "Nilidanganya, huyu ni mtoto!" Mwendesha mashtaka akacheka: "Leo ndiyo umekumbuka, mzee?" Wakamnyonga.

Ile karatasi uliyonitumia ya kuitaka serikali isinyonge watoto nimeitia sahihi. Sitaki mzazi mwingine apatwe na yaliyonipata. Hata hivyo nakuonea gere, dada: wewe utazeeka ukilalamikia foleni ya gerezani.

Unaniomba nije tukamwone pamoja. Nenda wewe, umshike mkono. Mimi sirudi kwenye nchi iliyomnyonga mwanangu.

Kaka yako