Aliyoyasema Ephrasia kwa Mgeni

Buganguzi,
Muleba, Kagera.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Annastella,

Kabla ya yote niambie, kifua kimepoa? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Wewe ni muuguzi, unawapima watu wa Mtwara nzima, lakini mtu wa kukupima wewe sidhani kama yupo. Nenda ukapimwe. Na huko joto limepungua, au bado mnalala madirisha wazi?

Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua kila mvua ikinyesha, na mwezi huu imenyesha kweli kweli, lakini misa ya kwanza haikosi. Shemeji yako Avit hajambo. Mnyauko umerudi kwenye migomba ya upande wa choo na tumekata mashina saba tukayafukia. Senene wameanza kudondoka, ila si wengi kama mwaka jana. Nikipata wa kutosha nitakukaangia nikutumie.

Sasa nije kwenye lile unaloniuliza. Umeniuliza mara tatu kwa nini tangu Agosti nikipokea simu yako naikatisha upesi. Nimeamua kukuandikia, maana kwenye simu ningejitetea. Yasmin ni rafiki yako tangu sekondari, na wewe ndiye uliyemwelekeza kwangu alipokuja na utafiti wake wa wajane. Huenda ameshakueleza kipande, huenda hajakueleza. Nataka ukisikie chote kutoka kwangu.

Unamkumbuka Ephrasia, mke wa marehemu Gamaliel, waliokuwa na kibanja kile cha kushuka kwenda mtoni, chenye mibuni mikubwa. Watoto hawakujaliwa. Gamaliel alipofariki, mdogo wake Onesphory na ukoo wao walimwondoa Ephrasia wakisema yeye ndiye aliyemuua kwa ugonjwa. Tangu hapo anakaa katika chumba alichoazimwa na katekista, analima mashamba ya watu. Anaishi na virusi, anatumia dawa vizuri, na amejaa nguvu kukushinda wewe. Haya ya afya yake amenipa ruhusa kukuandikia. Bila hivyo nisingethubutu, na utaona kwa nini.

Mimi mhudumu wa afya wa kijiji, nimemhudumia mwanamke huyo miaka kumi na miwili. Alipokuwa hoi nilimchotea maji, nikamsafisha vidonda, nikamfulia. Kila wiki nilikaa kwenye mkeka wake nikimuuliza hali, na kila wiki jibu lilikuwa moja, la heshima: "Niko salama, waitu." Siku ukoo walipomtoa, nilimkuta kando ya njia na godoro lake. Hata siku hiyo aliniambia yuko salama. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, mtu wa maneno machache.

Juni akaja Yasmin. Alishuka kwenye pikipiki na kishikwambi chake na kile kinasa sauti kidogo, hijabu yake safi kana kwamba vumbi la Buganguzi linamkwepa. Kihaya chake ni cha mjini, anakosea kosea, watu wanacheka, naye anacheka nao. Nilimzungusha kaya kumi na tisa. Ya ishirini ilikuwa ya Ephrasia.

Alimsomea karatasi ya ridhaa pole pole, Ephrasia akaweka dole gumba. Kisha Yasmin akanigeukia. "Dada Edvina, naomba utupishe kidogo. Ndiyo masharti ya kazi."

Nikamwambia, "Huyu hana siri na mimi."

Yasmin akamtazama Ephrasia. Ephrasia akatazama mkeka. "Tupishe, waitu," akasema.

Nikatoka. Nilikaa nje saa mbili na nusu nikijifanya naandika ripoti ya kliniki. Kwanza nilisikia sauti ya Ephrasia, ndefu, bila kukatika, kama mtu anayesimulia safari. Halafu nikamsikia anacheka. Annastella, sikuwahi kumsikia Ephrasia akicheka kwa sauti. Halafu akalia. Walipotoka, macho ya Yasmin yalikuwa mekundu, na Ephrasia alikuwa amemfungia kahawa za kutafuna kwenye jani, kama unavyompa mgeni wa heshima. Mimi kwa miaka yote hiyo nilipewa Krismasi tu.

Njiani nikamuuliza Yasmin ameambiwa nini. "Dada, siwezi kusema," alinijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma zaidi.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu. Nikichambua maharage nawaza: binti wa mzee Muharami wa Buhembe, aliyekulia nyumba ya bati na umeme, amekuja na kipande cha sabuni na kilo ya sukari akakabidhiwa maisha ya mtu mchana mmoja. Mimi niliyebeba ndoo, "niko salama". Na Ephrasia kila nikimtembelea: "Yule binti anarudi lini?" Mara moja nilimjibu kwamba watafiti hawarudi, wakishapata wanachotaka wanakwenda kuandika vitabu vyao.

Nawe hukunisaidia. Ulinipigia ukasema, "Yasmin ana kipaji, anajua kusikiliza watu." Ulikuwa unaniambia mimi, Annastella. Mimi ninayesikiliza kaya themanini na mbili. Nilikuonea wivu na wewe pia, wewe uliyesoma mpaka mwisho wakati mimi nilirudi nyumbani kumuuguza baba, kwa kuwa unaweza kumsifia mwenzako wa shule bila kukumbuka dada yako. Nimeandika, sifuti.

Mwanzoni mwa Agosti Yasmin akanipigia. Wasaidizi wa kisheria wangekuwa Muleba mjini Jumanne, siku moja tu, kwa ajili ya wajane walionyang'anywa ardhi. "Mwambie Ephrasia asimame barabarani saa mbili asubuhi, gari litampitia." Ephrasia hakuwa na simu. Nikasema nitamwambia.

Jioni ile ile nilipishana naye njiani, jembe begani. Alisimama kunisalimia. Nikamwambia mvua inakuja, nikapita.

Jumatatu Yasmin akapiga kuhakikisha. Nikasema Ephrasia ameondoka, amekwenda Kaagya kwa kaka yake, kuna msiba. Nilimuua mtu ambaye hajawahi kuwapo ili uongo wangu usimame. Jumanne gari lilipita barabarani bila kusimama. Ephrasia alikuwa shambani kwa mtu anapalilia, na mimi nililiona gari likipita. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Lakini nilifurahi kidogo, nisikudanganye.

Jumamosi yake Yasmin akaja bila kunitaarifu. Alikuja kutoa pole. Alimkuta Ephrasia kwenye maharage ya katekista, akamshika mikono miwili, akamwambia, "Pole sana kwa msiba, mama."

"Msiba gani?" Ephrasia akauliza.

Yasmin akafika kwangu akasimama tu, hakutaka hata kuketi. "Dada Edvina, msiba hakuna."

Nikamchotea maji ya kunywa.

"Sikumwambia kitu," akasema. "Nilisema nimemchanganya na mtu mwingine. Utamwambia wewe." Akaondoka bila kunywa hata maji.

Nilikaa siku mbili. Ya tatu nikaenda. Ephrasia alikuwa anamenya ndizi mlangoni, nikakaa karibu naye nikaeleza kila kitu, gari, Kaagya, msiba. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo hii ni mara ya pili."

Nikamuuliza ya kwanza ni ipi.

Ndipo akaniambia, taratibu, bila hasira, kama mtu anayerudia jambo alilokwisha kulisema mahali pengine. Mwaka ule Gamaliel alipofariki, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, nilikwenda kliniki kumchukulia dawa. Nakumbuka nilichelewa kurudi. Avit akauliza nilikuwa wapi, nami, mke kwa mume, nikamwambia, na dawa nikaitaja. Siku chache baadaye Avit aliketi na Onesphory kwenye pombe ya rubisi, likamtoka. Wiki mbili hazikuisha ukoo ukakaa kikao, na Onesphory akasimama akataja mpaka jina la dawa.

"Jina la dawa nilikuwa nalijua mimi na wewe," akasema Ephrasia.

"Na miaka yote hii ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini uliendelea kunipokea?"

Akaniangalia. "Maji nani angenichotea?"

Annastella, nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimemwonea wivu msichana wa watu kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikipoteza kwa mdomo wangu. Nikamuuliza kama hayo ndiyo aliyomsimulia Yasmin. Akasema ni pamoja na hayo. Ya mengine hakunitajia, nami kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Yasmin alikuwa anajua. Tangu Juni alijua kwamba mimi ndiye niliyeitoboa siri yake, na bado aliniita dada, akanipa ujumbe nimfikishie. Nikifikiri hilo mpaka leo uso unaniwaka.

Nyumbani nikamkabili Avit. Alikuwa ananoa panga. Aliendelea kunoa mpaka nikadhani hajasikia. Kisha akasema, "Nilisema kwenye pombe. Sikujua litafika kule."

"Ulipoona limefika?"

"Ningefanya nini? Onesphory ni rafiki yangu."

Nikamwambia atasimama kwenye baraza la kata aseme aliyosema, na aseme pia alichokiona siku Ephrasia alipotolewa, maana yeye alikuwapo. Onesphory siku zote hudai shemeji yake aliondoka kwa hiari kurudi kwao. Avit akakataa. Tulikaa wiki tatu hatuzungumzi ila ya lazima. Mama alikuja kutusuluhisha akidhani tumegombana kwa ajili ya mwanamke, na kwa namna fulani hakukosea.

Mimi sikumngoja. Nilimpigia Yasmin, nikamwomba radhi, nikamwomba namba za wale wasaidizi wa kisheria. Alinipa. Sauti yake ilikuwa baridi, na nilistahili. Mwanamke mmoja kati yao, Judica, alikuja kutoka Muleba mara mbili kumwandikia Ephrasia malalamiko yake. Mara zote mbili nilibaki nje bila kuambiwa.

Usuluhishi ulikuwa tarehe 22 Oktoba, ofisi ya kata. Onesphory alikuja na wazee wanne wa ukoo. Ephrasia alikuja na Judica na mimi. Nilisema langu: nilitoa siri ya mgonjwa niliyekabidhiwa. Nilisema mbele ya mwenyekiti na mbele ya mganga wetu wa zahanati, nikijua wanaweza kuninyang'anya begi la kazi. Hawajaninyang'anya, ila nimepewa onyo la barua.

Onesphory akacheka, akasema maneno ya wanawake wawili hayahamishi mpaka. Ndipo Avit akaingia, matope mpaka magotini, akaomba kusema. Hakumtazama rafiki yake. Alisema, "Mimi ndiye niliyekwambia. Na siku ile nilikuwapo. Wewe ndiye uliyetupa godoro lake nje. Hakuondoka kwa hiari." Akaketi. Mzee mmoja wa ukoo wao akasema naye alikuwapo, na kwamba ni kweli.

Tangu hapo mambo yalikwenda upesi. Onesphory amesaini kurudisha nyumba na sehemu ya juu ya kibanja, pale lilipo kaburi la Gamaliel. Sehemu ya chini, yenye mibuni, ameikatalia, na hiyo Judica anaipeleka baraza la wilaya. Onesphory hamsalimii Avit tena. Avit jioni hukaa nyumbani, hajui afanye nini na mikono yake.

Nyumba ilikuwa imeoza mlango. Tumeuweka mwingine. Kila asubuhi baada ya kuzunguka kaya zangu nakwenda kumsaidia kukata majani makavu ya migomba. Tunafanya kazi karibu karibu. Anazungumza kidogo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Isipokuwa Yasmin akimpigia. Ana kasimu kadogo sasa. Kakiita anaacha panga, anakwenda mpaka mwisho wa migomba, na namsikia kule anacheka. Unadhani baada ya yote haya ningekuwa nimepona? Sijapona. Mkono unasimama wenyewe hewani na masikio yananyooka. Juzi nilimuuliza mnazungumza nini. Akasema, "Mambo yangu." Nikaendelea kukata majani.

Jumamosi ijayo kuna misa ya kumwombea Gamaliel, palepale nyumbani, ya kwanza tangu azikwe. Yasmin amealikwa. Nilikaa nalo siku nzima, kisha nikamuuliza Ephrasia, kama mtoto, kama siku hiyo atakuwa na Yasmin au na mimi. Hakucheka. Aliniambia, "Yasmin ni mgeni, atakuja saa sita. Wewe njoo kungali na umande, ndizi ni nyingi." Nimeshanoa visu viwili.

Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Avit anakusalimu, na barua hii amenisomesha mara mbili kabla hajaniruhusu kuiweka kwenye bahasha. Msalimie shemeji, na umbusu Najibu mdogo kwa ajili ya mama yake mkubwa asiyemjua bado. Ukizungumza na Yasmin, mwambie nimekuandikia yote, na kwamba kazi yake ni nzuri. Hilo la pili limenigharimu kuliko kurasa zote hizi.

Mungu akulinde barabarani na wodini, na akurudishe kwetu ukiwa na afya tele.

Ndimi dada yako nikupendaye hata ninapokuonea wivu,

Edvina