Pasipoti Iliyobaki Droo ya Juu

Bertrams, Johannesburg
Jumamosi, 13 Desemba 2025

Mpendwa dada yangu Melania,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Nomsa. Sisi ni wazima, ila goti linanisumbua nikisimama sana getini. Mguu wako je? Na mvua za vuli zimewafikia hapo Morogoro?

Barua hii anakuletea Luka mwenyewe, kesho anapanda ndege. Nakuomba uisome kabla hujamuuliza mwanao chochote.

Unajua alikuja kwa jambo moja: daftari la mmisionari aliyeandika nyimbo za kilimo za Waluguru. Lipo moja tu, katika maktaba ya chuo huko Potchefstroom, mji wa zamani, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Bila hilo, sura ya mwisho ya tasnifu yake haipo, na anatakiwa kuiwasilisha tarehe 31 au arudie mwaka. Nafasi aliyopewa ilikuwa jana Ijumaa, kisha maktaba inafungwa hadi Januari.

Wageni wa hapa hatutembei na pasipoti, kwa kuogopa vibaka. Tunabeba nakala iliyogongwa muhuri kituo cha polisi. Alhamisi nilimpeleka akagongewa. Akaniuliza, "Mjomba, wakitaka yenyewe je?"

Nikamcheka. "Msomi, hii ni Joburg. Wataondoka nayo pamoja na viatu vyako."

Jana saa tatu asubuhi akanipigia simu, nipo lindoni Kensington. Maktaba walitaka pasipoti yenyewe. Nakala hawakuikubali, wala picha ya pasipoti iliyomo simuni mwake, niliyodhani ingesaidia.

Lindo haliachwi hivi hivi. Nikamwita Pitchou, Mkongomani tunayepokezana naye, akaja mbio na povu la sabuni bado shingoni. "Nenda, mzee, nenda tu." Nikachukua pasipoti nyumbani, nikaingia teksi ya Potchefstroom, ndiyo daladala ya huku. Teksi hizi haziondoki mpaka zijae. Tulikuwa watu sita. Saa sita mchana tukawa tisa. Nilimsihi dereva, akanionyesha viti vitupu. Saa nane maktaba ikafungwa, nami nimekaa palepale, pasipoti mapajani.

Luka alishinda akizunguka majengo ya kale na barabara ya mialoni, kila baada ya muda akirudi mlangoni pa maktaba. Jioni hakunilaumu. Alisema, "Mji mzuri, Mjomba. Nimeuona wote." Kisha akavua viatu, akaviweka mbele yangu. "Na hivi vimerudi."

Nomsa alicheka. Mimi sikuweza.

Nimewaandikia maktaba. Limekuja jibu la mashine: tutaonana Januari. Sijui mlango mwingine wa kubisha. Basi usimgombeze, dada. Alibeba alichoambiwa na mjomba wake.

Msalimu shemeji Theodori, na Happyness umwambie kitenge chake kimo begini. Mungu awalinde na amfikishe kijana salama.

Leo nimefungua shajara yangu. Alhamisi niliandika: "Pasipoti ya Luka, droo ya juu, imefungwa. Salama." Sijaufuta mstari huo.

Kaka yako akupendaye,
Gaudensi