Farasi Aliamka, Wewe Hukuamka

Yaya Mauwa, dada yangu,

Mvua ilikuwa hata haijaanza. Hilo ndilo linalonishinda mpaka leo. Jua lilikuwa linawaka juu ya uwanja wetu, wingu jeusi limesimama mbali huko upande wa Nyangwe, na wewe ulikuwa unacheka. Kisha mwanga. Kisha mshindo ambao sikuusikia kwa masikio, niliusikia kifuani. Nilipofumbua macho mlikuwa chini wote wawili, wewe na farasi wetu Kahawa, kando ya mchikichi uliopasuka katikati. Kahawa alirusha miguu, akatikisa kichwa, akaamka. Nikangoja na wewe uamke. Nilisimama pale na sahani ya wali mkononi, nikingoja uamke ujipanguse vumbi tuendelee na sikukuu.

Hukuamka.

Najua umekufa. Mimi na mama yako ndio tuliokuosha. Lakini asubuhi nikifika kwenye zizi natoa ndoo mbili, yangu na yako, ninazijaza zote maji, halafu nabaki kuiangalia ile ya pili kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Sikukuu ile ya familia uliitaka wewe. Sista mwenye shamba alifikiri tuwaite tu wazazi wa watoto tunaowatuliza kwa farasi. Ukasema hapana, waje wote. Ukapanda pikipiki kwenda kuwaalika wakulima, watu wa kwaya, hata wachimba dhahabu wa Lusangi. Ukaniambia watu wanaogopa kitu ambacho hawajakigusa. Na walikuja, Yaya. Uliona jinsi walivyokuja. Wale watoto ambao vita viliwaharibia usingizi walikuwa juu ya farasi, wewe unaongoza mbele, na mama zao wanapiga vigelegele huku wanafuta machozi.

Mimi pia nilifika pale hivyohivyo. Nilitoka Kabambare nikiwa siwezi kukaa karibu na mtu, hata mwanamke mwenzangu. Mtu akikohoa nyuma yangu, nakimbia. Hukuniuliza kilichonipata. Ulinipa burashi, ukanisogeza karibu na Kahawa, ukasema: "Mupanguse tu. Huyu haiko na maswali." Nilimpangusa mpaka mkono ukauma. Ulikuwa umeketi juu ya ua wa zizi, unamenya muhogo, kama vile kunitazama haikuwa kazi yako.

Sasa nikueleze yaliyofuata, maana nadhani hata wewe ungeshangaa.

Kilio chako kilikuwa bado hakijaisha maneno yakaanza. Kwanza kisimani, kisha sokoni, kisha mpaka mlangoni pa kanisa. Walisema wote wawili walianguka, mnyama akaamka, mtu hakuamka; basi mnyama ndiye aliyemchukua mtu ili yeye abaki. Hukumu ikawa imekwisha. Wazazi wakaacha kuleta watoto. Na mimi, Yaya, mimi ambaye Kahawa alinirudishia usingizi, nilipitisha siku nyingi namsukumia majani kwa fimbo kutoka mbali. Kichwa changu kilijua ni radi. Miguu ilikataa kusogea.

Shefu, mkuu wa mtaa, akaitisha mkutano palepale shambani. Sista alieleza habari za radi na miti mirefu, watu wakamsikiliza kwa heshima, halafu wakaendelea kama hakusema. Mmoja alitaka farasi wote watatu wachinjwe. Mwingine akasema warudishwe Kabambare kwa miguu, njia ileile waliyokujia wakati kamio, lori lao, ilipokwama mu matope na wewe ukawaongoza mpaka hapa Kasongo, watoto wa kila kijiji nyuma yako.

Hapo ndipo mama yako akaingia, amejifunga kitambaa cha kilio. Unajua mwenyewe hakuipenda kazi yako. Kila ulipochelewa alikuuliza mbele yangu ni kazi gani hiyo ya kuchunga mnyama asiyeliwa wala asiyebeba muhogo. Nikajua amekuja kuomba Kahawa auawe, na nikajua hakuna atakayemnyima.

Aliuliza ni yupi. Wakamwonyesha kwa kidole. Akaomba afunguliwe, na watu wakarudi nyuma, basi nikaenda mimi. Fundo likanishinda mara ya kwanza. Mama akachukua kamba, akamgeukia shefu.

"Kitu ya mwisho mutoto wangu alishika ni kamba hii," akasema. "Munataka niichukie na yenyewe? Huyu atalala kwangu. Kama ni muuaji, aanze na mimi."

Hakupandisha sauti. Akatoka naye. Mama yako, ambaye hakuwahi kumgusa farasi, alipita naye katikati ya mtaa, mbele ya maduka, mpaka uani kwake, akamfunga nyuma ya jiko. Sisi tulibaki kwenye mkutano tunatazamana.

Nikawa nampelekea majani huko. Jirani walihamisha watoto wao wakalale kwa ndugu. Tangu siku ya radi mama hakuwa amelia, na watu walianza kuogopa ukavu ule wa macho yake.

Kisha ikaja mvua kubwa, mchana, yenye ngurumo. Ilinikuta nimefika uani na mzigo wangu wa majani. Kahawa alitetemeka kuanzia shingoni mpaka miguuni, anavuta kamba, macho meupe. Mama alikuwa mlangoni pa jiko. Akatoka. Akatembea kwenye mvua mpaka kwa Kahawa, akamshika shingo kwa mikono miwili, akaweka uso pale. Akaita jina lako mara moja, vile alivyokuwa anakuita urudi kutoka mtoni. Halafu akalia, Yaya. Alilia kwa nguvu, na mimi nikatupa majani nikaenda kumshika. Nilikuja kutambua baadaye kwamba nilikuwa nimeegemea ubavu wa Kahawa.

Jirani waliona yote kutoka barazani kwao. Kesho yake mmoja alileta maganda ya mahindi, akayaweka chini mbali kidogo, akaondoka. Baadaye shefu alipita, akasimama, akamwangalia mama, akasema farasi wabaki.

Si wote waliorudi. Familia moja ya Lusangi ilimwondoa mtoto wao kabisa, na kuna mama ambaye akiniona anavuka barabara. Kahawa hasikii tena kwa sikio la kushoto. Ukitaka kumkaribia lazima upite kulia. Fundi ameweka chuma cha kuvuta radi juu ya zizi, na sasa wingu likionekana, hata dogo, tunaingia ndani wote.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, tulifanya mkusanyiko mdogo. Mama ndiye aliyemrudisha Kahawa shambani. Mtoto wa kwanza alipopandishwa mgongoni, Sista alinipa mimi nafasi yako ya mbele. Nilishindwa kunyanyua mguu. Mbingu ilikuwa safi kabisa, na mimi nilikuwa naiangalia tu. Kahawa ndiye aliyeanza kutembea. Nikafuata.

Bado sielewi, Yaya. Nimeuliza kanisani, nimemuuliza Sista, nimeuliza peke yangu nikiwa nafagia. Mtu anacheka, kisha hayupo. Pengine sitaelewa.

Lala, yaya wangu. Nimehamia kwa mama yako; jioni tunapika pamoja, na anataka nimsimulie kazi yako tangu mwanzo, maana anasema hakuwahi kukuuliza vizuri. Juma lijalo watamleta msichana kutoka Kabambare. Wanasema hataki mtu amkaribie. Nitampokea mimi. Sitamuuliza kitu, na sitaondoka.

Mdogo wako,
Riziki